Mnara wa Taa na Mazalia ya Ndege: Istilahi Tulizozifuata Chumbe

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu taa za kuongozea vyombo baharini na mahali ndege wa baharini wanapotaga. Ni istilahi za fani mbili zilizo mbali, lakini mara nyingi hukutana mahali pamoja. Mnara hujengwa penye mwamba wa hatari usiokaliwa na watu, na ndege huchagua kutaga papo hapo kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo lililotuelekeza huko lilikuwa rasimu ya tangazo tuliyoletewa na ofisi moja ili tuihakiki. Mfasiri alikuwa ameharakishwa. Mnara aliuita "nyumba ya nuru", na mahali pa ndege alipaita "kambi ya wakimbizi wa ndege". Tulicheka. Kisha tukafungua majalada yetu wenyewe ili tumpe maneno yaliyo bora, tukakuta orodha tuliyokuwa tumeiandaa mezani miaka michache kabla ya hapo. Orodha ile nayo ilikuwa na makosa, tena yaliyo mabaya kuliko yake, kwa kuwa hayakumchekesha mtu na kwa hiyo hayakugunduliwa. Hapo ndipo tulipoamua kutoka ofisini na kwenda kuyaona mambo yenyewe kabla ya kuyapa majina.

Tulichagua Chumbe, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilichoko kusini ya mji wa Zanzibar, kiasi cha kilomita 6 kutoka pwani ya Unguja. Kina mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe ulioko upande wake wa magharibi, pamoja na msitu wake, kuwa hifadhi. Mwaka huo huo kundi kubwa la ndege adimu wa baharini lilitaga katika vijisiwa vilivyo jirani yake. Ilitubidi tuvuke kwa mashua kutoka Mbweni, na kwa kweli somo letu la kwanza tulilipata humo mashuani kabla hatujashuka.

Neno mnara

Tuanze na jina la jengo lenyewe. Kiingereza kimeunganisha "nuru" na "nyumba", na anayefasiri neno kwa neno hupata "nyumba ya nuru". Kasoro yake ni kwamba kwa Mswahili nyumba ni mahali pa kukaa watu, na nuru ni neno lililokwisha kuzoea mambo ya imani na elimu kuliko utambi na mafuta. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza atadhani ni jina la shule au la madhehebu.

Lugha kadhaa za Ulaya zilifuata njia nyingine. Kifaransa, Kiitalia, Kihispania na Kireno vyote vinatumia majina yanayotokana na Pharos, kisiwa kilichokuwa mbele ya bandari ya Iskandaria nchini Misri, ambako mnara mashuhuri ulijengwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Jina la kisiwa likawa jina la kitu. Mnara huo uliharibiwa na matetemeko ya ardhi. Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mwaka 1326 ukiwa umebomoka upande mmoja, na aliporudi mwaka 1349 aliukuta umekuwa gofu lisiloingilika.

Waarabu waliuita mnara ule kwa neno lao linalotokana na mzizi mmoja na maneno "nuru" na "moto", likiwa na maana ya mahali panapotoa mwanga. Neno hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili likawa mnara, likapangwa katika ngeli ya M-/MI- na kupata wingi wake, minara. Ndugu yake ni kinara, kile kidogo cha kusimamishia mshumaa. Kwa hiyo neno letu lina mwanga ndani yake tangu asili, ila mwanga huo umefifia. Msemaji wa leo akisikia mnara hafikirii nuru, bali urefu. Tuna mnara wa msikiti, mnara wa saa, mnara wa maji, mnara wa simu na mnara wa kumbukumbu. Mjini Zanzibar, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, palikuwa na mnara wenye taa. Mizinga ya Waingereza iliuharibu tarehe 27 Agosti 1896, na baadaye ukajengwa mnara wa saa kwenye jumba lenyewe. Mnara huo nao ulianguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Vyote viwili viliitwa mnara, na hakuna aliyekosea.

Ndiyo maana twaona kuwa mnara wa taa ni istilahi inayofaa, ijapokuwa kwa mwanafunzi wa asili ya maneno ni kama kusema "mahali pa mwanga pa taa". Kwa jinsi lugha inavyotumika sasa hakuna marudio, kwani kila neno lina kazi yake. Hatuoni sababu ya kutunga jingine.

Lugha ya taa

Tulipomaliza kuamkiana na nahodha wetu, mzee aliyeitikia kwa "Marahaba, wanangu", tulimweleza shughuli yetu na kumsomea baadhi ya maneno katika orodha yetu. Alisikiliza kwa adabu mpaka tulipofika kwenye "taa ya kumetameta". Katika orodha ile, taa yoyote ya baharini isiyowaka mfululizo tuliiita hivyo.

"Taa ya kumetameta ndiyo ipi?" akauliza. "Nyota inametameta. Maji yanametameta. Mimi nikiwa usiku na chombo, nataka kujua giza lake ni refu au mwanga wake ndio mrefu, na ni mara ngapi. Nikikosea taa, wanangu, nimekosea mwamba."

Tulinyamaza, kwa sababu alikuwa ametusahihisha katika kazi yetu wenyewe. Taa za baharini hazitofautiani kwa ukali wa mwanga tu. Kila moja hupewa mpango wake wa kuwaka na kuzimika, na pengine rangi yake, ili anayeiona gizani aweze kuitambua na kujua yuko wapi. Mpango huo huandikwa katika ramani za bahari na katika orodha za taa. Nahodha huhesabu sekunde, hulinganisha na maandishi, kisha huamua ageuze usukani au asigeuze. Mfasiri anayetumia neno moja kwa mipango miwili tofauti amezifanya taa mbili kuwa moja.

Mipango ya msingi ni minne. Ya kwanza ni taa inayowaka bila kukatika, nasi twapendekeza kuiita taa tuli. Ya pili ni ile ambayo muda wake wa giza ni mrefu kuliko muda wa mwanga: giza, kisha mwako mfupi, kisha giza tena. Kwa hiyo tumechagua taa ya mmweko, kutokana na kitenzi kinachotumiwa kwa radi. Tumependelea nomino kuliko kitenzi chake, kwa kuwa "taa ya kumweka" ikisemwa kwa mdomo humpeleka msikilizaji kwenye habari ya kumweka mtu mahali.

Ya tatu ni kinyume cha ya pili. Mwanga ndio mrefu na giza ndilo fupi: taa iko wazi, inafumba mara moja, inafunguka tena. Hii ndiyo iliyotushinda mezani, kwa sababu vitabu vya kigeni huieleza kwa neno lenye maana ya kufichwa, nasi tulikuwa tukihangaika na "taa ya kufichikana" na "taa ya kuzimikazimika". Tulimweleza nahodha jinsi taa hiyo inavyofanya, tukamwuliza angeiitaje. Akajibu bila kufikiri sana, "Hiyo inapepesa." Na kweli, anayepepesa macho huyaacha wazi kwa muda mrefu na kuyafumba kwa muda mfupi. Taa ya kupepesa inaeleza dhana yote kwa neno ambalo kila mtoto analijua. Ya nne ni ile ambayo mwanga na giza vinalingana, nayo twaiita taa ya vipindi sawa.

Maneno matatu zaidi yanahitajika ili mipango hii iweze kuandikwa. Mpango wenyewe twauita kitambulisho cha taa. Muda kutoka mwanzo wa mpango hadi unapoanza tena twauita duru. Hatukuchukua "mzunguko", kwa sababu msomaji angedhani ni lazima taa izunguke, na zipo zisizozunguka. Umbali ambao taa huweza kuonekana ni upeo wa taa.

Kuhusu upeo inafaa mfasiri ajue kuwa kuna mipaka miwili. Mmoja hutokana na nguvu ya taa na hali ya hewa, na wa pili hutokana na mviringo wa dunia. Taa iwe kali namna gani, haionekani ikiwa imekwisha kuzama chini ya upeo wa macho. Kwa makadirio, ukichukua kipeuo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, ukakizidisha kwa 2.1, utapata umbali huo kwa maili za bahari, ambazo kila moja ni mita 1,852. Taa iliyo mita 36 juu ya maji huonekana na jicho lililo usawa wa bahari kwa maili zipatazo 12 na nusu. Jicho la nahodha likiwa mita 4 juu ya maji, huongezeka maili nyingine 4 na zaidi. Kwa hiyo twapendekeza kutofautisha upeo wa nguvu na upeo wa urefu, na mfasiri asiandike "upeo" peke yake pale ambapo asili imetaja mmoja wao.

Mtunza taa

Ndani ya mnara wa Chumbe ngazi ni nyingi, zaidi ya mia moja, na aliyezipanda huelewa mara moja kwa nini ilihitajika kazi maalumu ya mtu wa kukaa hapo. Msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya watu hao na familia zao ungalipo karibu na mnara.

Je, mtu huyo aitwe nani? Orodha yetu ya zamani ilimwita "mlinzi wa mnara". Lakini mlinzi tunamjua: hulinda mali isiibwe. Kazi ya huyu haikuwa kuulinda mnara na wezi. Ilikuwa kusafisha vioo, kujaza mafuta, kukata utambi, na kuhakikisha kuwa taa haizimiki mpaka alfajiri. Neno linalofaa ni mtunza taa, kwa kuwa kutunza ni kulea kitu kiendelee kufanya kazi yake.

Istilahi hii sasa inahusu zaidi historia, na inafaa tueleze sababu. Katika mwaka 1823 Mfaransa Augustin Fresnel alianza kutumia lenzi iliyokatwa kwa pete pete, ambayo hukusanya mwanga wa taa na kuupeleka mbali. Hiyo ndiyo lenzi ya Fresnel, na jina lake lisitafsiriwe. Baadaye Gustaf Dalén wa Sweden alibuni taa za gesi ya asetilini zinazojiendesha zenyewe, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Sehemu mojawapo ya ubunifu wake twaiita vali ya jua: ufito mweusi hupata joto la mchana, hutanuka, hufunga njia ya gesi, jua likichwa, ufito hunywea na gesi hupita tena. Katika miaka ya 1920 mnara wa Chumbe nao uliwekewa taa ya gesi. Tangu taa zijifunze kujiwasha na kujizima, watunza taa wamepungua duniani kote. Lakini mwalimu wa historia na mfasiri wa riwaya bado watamhitaji mtu huyu, nao wasimwite mlinzi.

Shakwe, buabua na membe

Mashuani tuliona ndege weupe wakizama majini kwa kichwa na kuibuka na samaki. Nahodha aliwaita membe. Kijana wake, ambaye alilelewa sehemu nyingine ya pwani, aliwaita shakwe. Sisi tulikuwa tumeandika katika orodha yetu "mbayuwayu wa bahari", kwa kuifuata Kijerumani na Kifaransa, ambazo ziliona mkia wao wenye panda ukafanana na wa mbayuwayu. Wote wawili walitutazama kwa mshangao tulipolitaja. Tumelifuta.

Wataalamu wa ndege wanayatenga makundi mawili ya jamaa hao. La kwanza ni la ndege wenye domo nene na mkia usio na panda, ambao huelea majini na hula mabaki yoyote wayapatayo bandarini na ufukweni. La pili ni la ndege wembamba, wenye domo lililochongoka na mara nyingi mkia wa panda, ambao hujirusha majini kutoka angani kufuata samaki wadogo. Kwa matumizi ya kitaalamu twapendekeza shakwe kwa kundi la kwanza na buabua kwa kundi la pili. Membe liachwe kama lilivyo, neno la wenyeji litajalo ndege hawa kwa jumla. Si kazi yetu kumwambia nahodha kuwa amekosea. Kazi yetu ni kumpa mwalimu wa elimu-viumbe maneno mawili pale anapohitaji mawili.

Ndege waliotaga karibu na Chumbe mwaka 1994 ni wa kundi la pili. Wakati wa kuzaliana kifua chake hupata wekundu hafifu, kwa hiyo twamwita buabua kifua-waridi. Jamaa yake mwenye manyoya yaliyosimama kisogoni twamwita buabua kishungi, na yule mweusi mgongoni buabua masizi. Hao wawili, pamoja na ndege wengine wa bahari kuu, huzaliana katika Fungu la Kizimkazi, kisiwa tambarare kilicho peke yake mbali kusini-mashariki ya Unguja.

Kimbilio, hifadhi au eneo tengefu?

Tumefika kwenye "kambi ya wakimbizi". Buabua hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe au mchanga mtupu. Mtu akipita, kundi zima huruka. Mayai na makinda hubaki juani bila wa kuwaatamia, na kunguru na panya hawachelewi. Chumbe panya waliondolewa mwaka 1997 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo jina la mahali hapa linatakiwa limfanye mtu asishuke.

Kimbilio ni neno zuri, nalo limezoeleka katika sala. Lakini linamtazama anayekimbia, halimtazami anayepaswa kusimama. Ubao ulioandikwa "Kimbilio la ndege" haumkatazi mtu lolote. Koloni, linalotumiwa na baadhi ya wafasiri kwa kundi la ndege wanaotaga pamoja, lina historia ambayo msomaji wetu hawezi kuisahau kwa sababu ya ndege. Kwa mahali penyewe twapendekeza mazalia, yaani mahali viumbe wanapozaliana kwa desturi.

Kwa upande wa sheria, maneno yaliyopo ni hifadhi na tengefu, na hapa mfasiri ajihadhari. Kwa Tanzania Bara, kufuatana na sheria ya mwaka 1994, kuna hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Hifadhi ya bahari, kama ile ya Mafia, ina vijiji ndani yake na uvuvi unaodhibitiwa. Eneo tengefu la bahari, kama visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ni mahali ambapo kuvua hakukusudiwi. Lakini nchi kavu mambo yamegeuka: hifadhi ya taifa ndiyo yenye masharti makali, na pori tengefu ndilo lenye masharti yaliyolegea. Neno lile lile hukaza baharini na kulegea porini. Mtumishi aliyehamishwa kutoka idara ya wanyama kwenda idara ya bahari anaweza kuandika ruhusa mahali panapotakiwa katazo, naye akawa ametumia neno sahihi la idara yake ya kwanza.

Kuyabadili majina ya kisheria si juu yetu. Twashauri kwamba katika maandishi ya kawaida mahali hapa paitwe hifadhi ya ndege, na kwamba ubao wowote usitegemee jina peke yake. Chini ya jina yaandikwe makatazo kwa vitenzi: "Usishuke. Usiokote mayai. Usilete mbwa." Kitenzi hakihitaji kamusi.

Mapendekezo

1. Mnara wa taa: jengo refu lenye taa ya kuongozea vyombo baharini.
2. Kitambulisho cha taa: mpango wa kuwaka, kuzimika na rangi unaoitofautisha taa moja na nyingine.
3. Taa tuli: taa inayowaka bila kukatika.
4. Taa ya mmweko: taa ambayo giza lake ni refu kuliko mwanga wake.
5. Taa ya kupepesa: taa ambayo mwanga wake ni mrefu kuliko giza lake.
6. Taa ya vipindi sawa: taa ambayo mwanga na giza vinalingana.
7. Duru: muda wa kitambulisho kimoja kamili.
8. Upeo wa nguvu, upeo wa urefu: mipaka miwili ya kuonekana kwa taa.
9. Mtunza taa: mwenye kazi ya kuishughulikia taa ya mnara.
10. Shakwe, buabua: makundi mawili ya ndege wa baharini kama yalivyoelezwa.
11. Mazalia: mahali viumbe wanapozaliana kwa desturi.
12. Hifadhi ya ndege: mahali palipowekwa chini ya ulinzi kwa ajili ya ndege.

Rasimu ile tuliirudisha ikiwa na marekebisho, pamoja na barua ya kumwomba radhi mfasiri wake kwa kicheko ambacho hakukisikia. Orodha yetu ya zamani tumeiondoa katika majalada. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi walioko pwani wawasomee manahodha na wavuvi maneno haya kumi na mawili, na watuandikie yale yatakayokataliwa, pamoja na sababu walizopewa.